Vipimo safi ila mwili unauma, nawajibu

Maswali mengi safari hii yanafanana: mtu anaumwa kweli, akipima haonekani na kitu.

Swali: Miaka miwili sasa kichwa, tumbo, mgongo vinauma. Damu, choo, utrasaundi, siti skani, vyote safi. Mume wangu anasema nadeka.

Pole sana dada, na mwambie shemeji hudeki, hayo maumivu unayasikia kweli. Utrasaundi inatafuta uvimbe, choo kinatafuta wadudu, lakini hakuna kipimo cha kawaida hospitalini cha kuonyesha jinsi ubongo unavyopokea taarifa za mwili, na mtu aliyekaa na msiba au hofu au ugomvi wa nyumbani muda mrefu ubongo wake unaweza kupokea kila kitu kwa ukali, hata gesi kidogo ikachoma kama kidonda. Zamani madaktari waliita hali hii matatizo ya somatofomu, yaani dalili za mwili ambazo vipimo havizielezi, 2013 mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili ukaliacha hilo jina, sasa wanaangalia zaidi dalili imekuteka maisha kiasi gani. Chagua daktari mmoja, mkutane kila mwezi hivi hata siku hauumwi, uache kuzunguka hospitali. Inaniuma sana nikiona mtu katibiwa taifodi mara sita na bado anaumwa vilevile.

Swali: Kuna dawa?

Zipo za kusaidia, kama amitriptilini dozi ndogo, ila usijinunulie tu dukani maana inaweza kusumbua moyo. Tiba ya mazungumzo, ile ya kubadili mawazo na mazoea, ndo naitegemea zaidi, pamoja na kutembea kidogo kidogo kila siku.

Swali: Binti yangu wa kidato cha pili anaanguka na kutetemeka shuleni, daktari kasema siyo kifafa. Watu wanasema majini.

Mama, hajifanyi, hata hofu ya moyoni inaweza kuutikisa mwili hivyo. Mwaka 1962 pale Kashasha, huko Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia mpaka shule ikafungwa, na madaktari hawakukuta sumu wala maambukizi. Kumuombea sikukatazi, ila asichapwe wala kufukizwa moshi, nakuomba. Kaa naye wawili tu, muulize taratibu kama kuna mtu anamuonea au kumgusa. Kama ameshaanzishiwa dawa za kifafa usizikatishe mwenyewe, daktari ndo azipunguze.

Swali: Nitajuaje siyo ugonjwa mkubwa?

Ukikonda bila sababu, ukiona damu kwenye choo, homa haiishi au upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, nenda hospitali leo leo, hata kama mwezi jana uliambiwa uko safi.