Siku moja Lisbon, orodha ya sehemu kumi na moja

SWALI: Sasa mhariri. Tuko mabeste wanne, tunaenda Ulaya mwezi wa sita na mabegi ya mgongoni, kulala ni hosteli na pesa si nyingi. Lisbon tuna siku moja tu ya kupumzika kabla ya basi ya usiku ya kwenda Madrid. Sasa mmoja wetu ameandika sehemu kumi na moja na kila moja ameipangia dakika zake, mwingine anasema yeye ataketi mkahawani mpaka jioni, na wote wawili wananipigia mimi kulalamika. Wa nne ni Mwislamu, kwa hivyo kuna mambo ya chakula pia. Tufanyeje hiyo siku isiharibike?
Mpatanishi, Umoja

JIBU: Pole Mpatanishi, manake hao wawili hata mkienda Naivasha watazozana tu. Hiyo orodha ikateni ibaki vitu viwili, kilima asubuhi na mto mchana, basi. Lisbon ni vilima vitupu, kwa ramani unaona mahali ni hapo tu karibu kumbe ni ngazi juu ngazi chini, na njia zimetandikwa vijiwe vyeupe laini ambavyo vikilowa vinateleza vibaya sana, kwa hivyo viatu vyenye soli iliyolika viacheni Nairobi. Mabegi ombeni muyaache hosteli, nyingi zinakubali hata kama umeshatoka chumbani.

Asubuhi nendeni Alfama, na nendeni kwa miguu. Kila mtu atawaambia mpande tramu namba 28, ni kweli ni nzuri, lakini mwezi wa sita inajaa kushinda matatu ya Githurai saa kumi na mbili jioni na wezi wa mifukoni wanaijua vizuri kuliko madereva. Alfama ndio mtaa wa zamani, tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliangusha sehemu kubwa ya mji, likafuatwa na mawimbi ya bahari na moto, lakini huku kulipona kiasi ndio maana vichochoro bado ni vyembamba na vimepinda pinda, mtu wa Old Town Mombasa hatapotea hisia hata akipotea njia. Pale Portas do Sol mwacheni mtu wa kuketi aketi, kuna uwanja wa kutazamia mapaa mekundu yakishuka mpaka mto Tagus, na haulipishwi.

Chakula, sikieni hii vizuri. Mkikaa mezani mhudumu analeta mkate, zeituni, pengine na jibini, na hamjaagiza. Si ya bure! Ukigusa inaingia kwa bili, usipotaka mwambie tu aondoe, hakasiriki. Beste wenu Mwislamu ajue bifana, ule mkate wa nyama unaouzwa kila mahali, ni nguruwe. Aagize dagaa wakubwa wa kuchomwa, mwezi wa sita ndio msimu wao, usiku wa tarehe 12 wa sherehe za Mtakatifu Antonio mtaa mzima wa Alfama unanuka moshi wa samaki. Maji ya mfereji yananyweka, jazeni chupa. Na hela ya pamoja fanyeni kama chama, kila mtu atoe sawa asubuhi, mweka hazina awe mmoja, mkianza kugawana bili kwa kila kahawa mtachukiana kabla ya saa sita.

Mchana mtu wa orodha apande tramu namba 15 aende Belém peke yake au na anayetaka, isipokuwa Jumatatu maana monasteri ya Jerónimos hufungwa. Kaburi la Vasco da Gama liko mle ndani, yule yule aliyefika Mombasa mwaka 1498 akakuta mambo si mazuri akasonga Malindi akapewa rubani wa kumfikisha India, na jengo lenyewe lilijengwa kwa ushuru wa biashara ya viungo na mali nyingine kutoka Afrika na Mashariki. Mimi naona Mkenya akiliona hilo moja yale mengine yanaweza kungoja. Nyinyi wengine chukueni feri pale Cais do Sodré mvuke mpaka Cacilhas, ni safari fupi tu, mtembee kando ya mto mkitazama mji wote kutoka ng'ambo. Jua mwezi huo linazama karibu saa tatu usiku, kwa hivyo kukutana tena saa mbili hamjachelewa kitu.

SWALI: Mimi na wenzangu tunashukia Lisbon, tunalala Ureno siku tatu halafu Uhispania sita. Viza tunaomba kwa nani?
Msomaji, Lang'ata

JIBU: Uhispania, dada. Inaangaliwa nchi mtakayokaa siku nyingi, si mahali ndege inatua. Zikiwa sawa ndipo mnaangalia mnakoingia kwanza. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na hairudishwi ukikataliwa, na bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, inunueni kabla ya kupeleka makaratasi kwa sababu huwa wanaitaka siku hiyo hiyo.