Ukienda kwenye makazi ya wazee, kaa mle pamoja

Mara ya kwanza tulikwenda kina mama kumi wa kikoba, kwenye makazi ya wazee hapa mkoani Lindi. Tulibeba mchele, sukari na miche ya sabuni. Tukapika pilau, tukawapakulia wazee, kisha sisi tukaenda kula zetu kwenye gari. Bibi mmoja, vidole vyake vimekunjwa na ukoma, alituangalia muda mrefu. Sahani yake hakuigusa.

Hilo linaniuma mpaka leo. Huku kwetu pwani, anayekataa kula nawe amekukataa wewe. Na tulichokuwa tunakiogopa hakikuwepo! Ukoma unapona. Dawa mseto zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 1981 hunywewa miezi 6 au 12, zinatolewa bure, na mgonjwa akishaanza kuzitumia haambukizi tena. Bibi alipona zamani. Ulemavu wa mikono ndio uliobaki, kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikwisha kuharibika.

Safari ya pili nilikaa naye mkekani, sinia moja, ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipomwambia mama yangu ni wa Mtama, akaniita mjukuu, akaanza kunitania kuhusu tonge langu kubwa. Alikula akamaliza.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla ya kununua chochote, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na ukifika waulize wazee wenyewe. Mimi niliwahi kupeleka vikombe vya bati. Mkono uliokufa ganzi hausikii moto, mzee anaungua bila kujua. Vinavyofaa ni vikombe vya plastiki nene vyenye mkono mpana. Picha nazo, omba ruhusa kwanza. Akikataa, weka simu mfukoni.

Angalia na majira. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, pesa ipo na wageni wapo. Ikifika Machi, mvua imekolea na mifuko mitupu, wazee hukaa wiki nyingi bila kubishiwa hodi. Siku hizi tunakwenda Machi, hata kama ni na fungu la dagaa tu. Safari hii Bibi ameagiza kisamvu cha nazi, tena nikipikie palepale, aone kama kweli nilifundwa.