Baiskeli ya umeme: moshi unapungua au unahama tu?

Mkuu, umeuliza kama baiskeli ya umeme inapunguza hewa ukaa kweli, au moshi unatoka barabarani na kwenda kufuka kwenye mtambo wa kufua umeme. Ninayo na gari ninalo, nikujibu kwa hesabu.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, yaani hiyo hewa ukaa. Gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100 hutoa kama gramu 160 kila kilomita. Betri yangu ni ya wati-saa 500, yaani nusu uniti ya umeme. Nikipiga pedali kidogo, kilomita moja hula wati-saa 10 hadi 15. Sasa chukua hali mbaya kabisa, umeme wote wa makaa ya mawe, ambapo uniti moja hutoa takriban kilo moja ya kaboni dayoksaidi: unapata gramu 15 hivi kwa kilomita. Ni kama moja ya kumi ya gari, tena kwa umeme mchafu. Hakuna uchawi hapo, gari linaburuta zaidi ya tani moja ya chuma kumfikisha mtu mmoja.

Kutengeneza betri nako kunatoa kaboni, sibishi. Lakini deni hilo hulipika baada ya kilomita mia kadhaa za gari kubaki limeegeshwa.

Na kazi yote iko hapo kwenye kuegesha. Kama ulikuwa unatembea kwa miguu au unapanda basi, baiskeli hii haikupunguzii sana, pengine inaongeza. Mimi nilianza na zile safari fupi za kazini na za kununua vitu, maana ndizo injini inazifanya ikiwa bado baridi na kunywa mafuta kupita kiasi. Keria imara na mifuko ya pembeni imeniondolea visingizio vingi. Mvua kubwa, mgonjwa, watoto watatu kwa mpigo: hapo nachukua gari bila kujilaumu. Ila nyumba yenye magari mawili ikiuza moja, hiyo ndiyo faida kubwa, kuliko hizi safari za mtu mmoja mmoja.

Kabla hujanunua, andika safari zako za gari za wiki nzima uone ngapi ni fupi. Chaja tumia ya kiwandani tu, za kubahatisha huchoma nyumba. Nitajie umbali wako na kama kuna milima, nikuambie betri ya kukutosha.