Ukipelekwa kazi North Horr, anza na kisima

Mwalimu au muuguzi akipelekwa kazi upande wa Chalbi, kaunti ya Marsabit, jamaa zake humuuliza habari za joto na usalama. Mimi niliyefundisha huko namshauri aulizie maji kwanza: nani anayasimamia, na leo ni zamu ya mifugo ya nani.

Chalbi ni uwanda wa chumvi mashariki ya Ziwa Turkana. North Horr, Kalacha na Maikona zimekua penye chemchemi na visima, na mengi ya maji yake yana chumvi, kwa hiyo chai ya siku za kwanza itakushangaza. Utaizoea. Kisimani yupo msimamizi, abba herega, anayepanga zamu za kunywesha. Ngamia huweza kukaa siku kumi na zaidi bila maji, ng'ombe hawezi, na mpangilio wote wa zamu umejengwa juu ya tofauti hiyo. Usiingize mitungi yako katikati ya kundi linalonyweshwa, hata ukiona maji ni tele. Salimia, kaa chini, subiri. Salamu za Wagabra, wafugaji wa ngamia wa upande huu, ni ndefu, huulizia amani, watu, mifugo na mvua, na anayezikatiza huonekana hana adabu.

Usimuulize mtu ana ngamia wangapi. Ni utovu wa heshima, tena jibu lisingekufaa kitu. Wagabra wana desturi ya dabare: mwenye wanyama humkabidhi ndugu au rafiki aliyepungukiwa ngamia jike, naye huyo hukama maziwa na kulisha watoto wake, huku mnyama akibaki mali ya mwenyewe. Mzee unayemwona na kundi kubwa huenda analea wa wenzake, na yule mwenye ngamia wawili mlangoni huenda ana wengi kwa watu. Misimu mitano ya mvua iliposhindwa mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, mifugo ilikufa kwa wingi mno. Katika hali kama hiyo, ngamia mmoja anayekamwa ndiye anayeamua kama watoto watalala na kitu tumboni. Mimi sijaona bima inayoishinda dabare.

Walimu, nawaomba sana: mtoto akikosekana darasani, msikimbilie kumwita mtoro. Vijana hupelekwa fora, kambi za mbali zinazohama kufuata malisho. Uliza mvua imenyesha wapi, utajua mwanafunzi wako yuko wapi na atarudi lini.

Mtu akikuuliza, "Kenya hawajambo?" kana kwamba huko si Kenya, mjibu kwa heshima, maana ana sababu. Chini ya wakoloni kaskazini ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru ikawekwa chini ya sheria za hali ya hatari, ambazo hazikufutwa hadi 1991. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilikamilika majuzi tu, katika miaka ya 2010.

Habari za koo na mapigano zisiwe porojo zako za hotelini. Tarehe 12 Julai 2005 kijiji cha Turbi, katika kaunti hii, kilishambuliwa, na wanafunzi wa shule ya msingi wakawa miongoni mwa waliouawa. Aprili 2006 viongozi waliokuwa wakienda kwenye mkutano wa amani walikufa ndege yao ilipoanguka Marsabit, akiwemo mbunge wa North Horr, Bonaya Godana. Wengi utakaokaa nao wamezika watu wao. Wakisimulia, sikiliza. Wakinyamaza, waache.

Safari yenyewe: kutoka mji wa Marsabit lami utaiacha njiani, na mvua ikijaza uwanda magari hukwama, basi usiahidi siku ya kufika. Beba unga, vitunguu, taa ya sola na kikoi cha kujifunika vumbi. Ongeza sukari na majani ya chai kuliko unavyohitaji, kwa sababu utakaribishwa nyumba nyingi, na mama mwenye nyumba atakupa maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi hata siku anazopata machache.