Miaka mitatu ya viazi niliyoificha kwenye CV

Wiki hii nimesoma CV kumi na moja za wadogo zangu mnaoomba nafasi za utafiti na ufadhili wa kusoma nje, na presha imepanda mara kumi na moja. Makosa ni yale yale tuliyoyafanya sisi. Kaeni kitako niwaseme kidogo.

1. Kazi ya mtaani ni kazi. Mmoja wenu kafuta mwaka mzima aliokuwa wakala wa pesa za simu, halafu anaomba mradi wa mikopo midogo ya wanawake wa sokoni. Dogo! Umeshika floti, umeona nani anatoa hela tarehe gani na nani anakopa kwa nani, unaacha hayo unaandika "najua kutumia Microsoft Word".

2. Usijivike kilemba cha ukoka. Mwingine kafanya kinyume: banda la chipsi la mama yake limegeuka "kampuni ya huduma za vyakula", naye ni Mkurugenzi Mtendaji. Andika ulichofanya, na idadi yake. Kama ulikuwa karani wa sensa ya 2022, sema ulihesabu kaya ngapi na kwamba ulitumia kishkwambi, maana miradi mingi siku hizi inakusanya data hivyo hivyo.

3. Usiache pengo. Hapa nitakawia.

Nilimaliza shahada ya uchumi kilimo 2013. Ajira hakuna. Mjomba akanipeleka kwa dalali wa viazi mviringo, sokoni Dar, nikawa karani wake miaka mitatu: nahesabu magunia yanayoshuka kwenye Fuso kutoka Njombe, naandika yaliyooza, nalipa makuli, jioni nafunga hesabu kwenye kaunta buku. Kwenye daladala abiria walijua nimetoka wapi kabla sijasema.

Ikatoka nafasi ya mtafiti msaidizi kwenye mradi wa upotevu wa mazao baada ya mavuno. Nikaona msomi mwenye GPA ya 3.8 hawezi kujitangaza kuwa alikuwa karani wa viazi. Nikafuta. CV ikaruka kutoka 2013 hadi 2016 kama kanda iliyokatika.

Usaili ulikuwa na watu wanne mezani. "Kijana, miaka hii mitatu ulikuwa wapi?" Sijui ulimi ulinituma nini. "Nilikuwa namuuguza bibi." Bibi yangu wakati huo alikuwa mzima kuliko mimi, analima mwenyewe ekari yake ya mahindi. Mama mmoja mtu mzima pale mezani akanionea huruma kweli: "Pole sana, mwanangu. Anaendeleaje sasa?" Nikasema ana nafuu.

Swali lililofuata: lumbesa inamuumizaje mkulima? Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Mimi magunia ya lumbesa niliyaona kila alfajiri, yamejazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba juu mpaka kuli anayumba. Bei ni ya gunia, si ya kilo, kwa hiyo kila kilichomo kwenye kilemba mkulima kakitoa bure. Nilijua hata uzi wanaoshonea. Lakini ningeyajuaje, nami nilikuwa namuuguza bibi? Nikaanza kumwaga nadharia za soko lisilo na taarifa sawa, maneno ya mwaka wa pili, jasho linanitoka.

Mwenyekiti akafungua faili, akatoa barua ya mdhamini wangu, mwalimu aliyenisimamia tasnifu. Akaisoma taratibu: mwombaji amefanya kazi miaka mitatu kwenye soko la viazi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kumpendekeza. Walikuwa nayo muda wote. Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Habari za bibi hazikuulizwa tena.

Kukosa nafasi kuliuma siku mbili. Kumpigia mwalimu kumeuma mpaka leo. "Shikamoo, Profesa." "Marahaba. Bibi hajambo?" Habari zilishamfikia. Na mpaka leo, tukikutana hata msibani, ananiuliza hali ya bibi.

4. Mtumie mdhamini CV yako kabla hajaandika barua. Mnajua sasa kwa nini.

5. Mpangilio: elimu, tasnifu, machapisho na ufundishaji vitangulie; kazi nyingine ziwe chini na kichwa chake, mistari miwili inatosha, isipokuwa zinazogusa mada yako, hizo zipandishe. Ufadhili ni habari nyingine: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka saa 2,800 za kazi, na za kujitolea wanazihesabu, kozi za maendeleo za DAAD, shirika la ufadhili la Ujerumani, zinataka miaka miwili ya kazi baada ya shahada. Hapo aliyeficha kazi kajifungia mlango mwenyewe. Dini na hali ya ndoa toeni, hatuposi.

Siku hizi CV yangu ina mstari huu: "Karani, soko la viazi, 2013–2016: kumbukumbu za kila siku za magunia yaliyopokelewa, yaliyouzwa na yaliyoharibika." Kwenye usaili wa PhD waliung'ang'ania huo, wala makala zangu mbili nilizokesha nazo hawakuzigusa. Wakauliza kama zile kumbukumbu bado ninazo. Nikarudi sokoni mbio kuzitafuta. Dalali akanionyesha kwa kidole mama muuza maandazi wa jirani, aliyekuwa akimfungia mteja mawili kwenye ukurasa wenye mwandiko wangu.