Umepangiwa Maabara na Ulitaka MD? Soma Hapa Kabla Hujalia

Juzi usiku nimepata meseji kutoka kwa binti mmoja, simfahamu, ameanza na shikamoo dada halafu ikaja aya ndeefu haina nukta hata moja. Kwa kifupi kamaliza fom siksi PCB (fizikia, kemia, baiolojia), kaomba MD, yaani shahada ya udaktari, kila alipoweza, MD hola, kapangiwa Shahada ya Sayansi ya Maabara. Mjomba wake, ambaye ndiye anamsomesha, kamwambia "yaani uende chuo kikuu kusomea kupima mikojo ya watu?" Sasa anauliza aripoti chuo au akae nyumbani mwaka mzima aombe tena.

Hiyo sentensi ya mjomba naijua. Mimi niliambiwa na baba mdogo, siku ya Idi, mbele ya wageni, sahani ya pilau iko mkononi. Wageni walicheka na mimi nikacheka. Mpaka leo nikiiona ile pilau yenye viazi namkumbuka.

Basi nimjibu hapa hapa, maana kila mwaka majina yakitoka wako wengi wanaolia kimya kimya.

Mimi kozi niliikubali kwa mdomo tu. Niliingia chuo kama mtu aliyekaa stendi anasubiri basi lingine. Plani yangu ilikuwa mwaka wa kwanza nipige GPA ya kutisha, niandike barua, nihamie MD. Kwa hiyo anatomia na fiziolojia, ambazo tulikuwa tunakaa ukumbi mmoja na watu wa MD, nilizikesha kwenye vimbweta mpaka mbu wananijua kwa jina, ila praktiko za maabara nilikuwa naenda kusaini tu. Nikiulizwa nyumbani nasoma nini najibu "udaktari". Koti jeupe nilikuwa napanda nalo daladala. Mnacheka, lakini mnajijua.

Kuhama kwenyewe hakukuwepo. Barua ilikaa ofisi fulani mpaka semesta ikaisha, nikaambiwa nafasi zimejaa, tuishie hapo.

Mwaka wa pili ndio nilivuna nilichopanda. Mtihani wa praktiko, Gram stain, yaani kupaka bakteria rangi ili kuwagawa, Gram chanya wanabaki zambarau na Gram hasi wanatoka pinki, kitu ambacho mtu wa maabara anatakiwa akifanye hata akiwa na usingizi. Unaweka kristali vayoleti dakika moja, unasuuza, ayodini dakika moja, unasuuza, halafu alkoholi sekunde chache sana, unasuuza haraka, unamalizia na safranini. Hapo kwenye alkoholi ndipo pana kaburi la wengi, ukichelewa kuisuuza inawang'oa rangi hata bakteria waliotakiwa kubaki zambarau, wanatoka pinki. Mimi nilimwaga alkoholi huku nachungulia slaidi ya jirani. Nikaweka kwenye hadubini, naona vimduara vimejikusanya kama kichala cha zabibu, pinki tupu, nikaandika kwa kujiamini kabisa Gram hasi. Jamani zabibu zile! Mtu yeyote aliyehudhuria praktiko mbili tu angeshtuka, angejua hiyo ni stafilokokasi, ambayo ni Gram chanya, na kwamba aliyekosea ni yeye, sio bakteria.

Nikasapu, yaani nikafeli na kutakiwa kurudia mtihani. Wenzangu wameenda likizo, mimi nimebaki hosteli, bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, limekata. Enzi zetu bodi ya mikopo ilikuwa inatoa 8,500 kwa siku, baadaye ikapanda ikawa 10,000, lakini ukibaki chuoni kwa ajili ya sapu hiyo likizo ni yako na Mungu wako. Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa maabara, hana hata digrii, aliniruhusu nipake slaidi ishirini kwa siku na kitu pekee alichokuwa anasema ni "hesabu kwa mdomo". Ukiweka alkoholi hesabu sekunde kwa sauti. Basi. Nimeshafanya kazi miaka kadhaa na bado nahesabu kwa mdomo, waniite chizi.

Ungedhani nimekoma. Tukaenda fildi, mafunzo ya vitendo, hospitali moja jina silitaji. Nikachukua damu wodini, tyubu ya kifuniko chekundu ikapata kidogo, ya zambarau ikajaa vizuri. Mimi na akili zangu nikasema damu si damu, nikamimina kutoka kwenye zambarau nikajazia nyekundu. Majibu yakatoka potasiamu 14. Kawaida ni kama 3.5 mpaka 5. Kalsiamu karibu hakuna. Mtu wa namna hiyo moyo wake unatakiwa uwe umesimama, daktari akakimbia wodini, akamkuta mgonjwa amekaa anakunywa uji anamsimulia jirani habari za shamba. Kumbe ile zambarau ina EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, nayo ni chumvi ya potasiamu na inaikamata kalsiamu yote. Tulifundishwa. Siku hiyo nilisaini nikaondoka.

Yule daktari alirudi maabara akanisemea mbele ya watu: "Ndio maana nyinyi MD mliikosa." Alikuwa sahihi kuhusu damu. Kuhusu hilo lingine sijamsamehe, nasema ukweli.

Sasa mwezi uliopita intani wetu, mhitimu aliye kwenye mafunzo kazini, kaniletea majibu anataka kuyatoa, potasiamu 11, kalsiamu iko chini sakafuni. Sikuuliza maswali mengi, nikamwambia "uliongezea kutoka kwenye zambarau eh?" Macho yakamtoka. Tukachukua damu upya, 4.2. Yule mgonjwa angeweza kupigwa dawa za kushusha potasiamu ambayo hana. Hakuna daktari aliyejua, hakuna aliyenishukuru, mgonjwa mwenyewe hanijui. Nilitoka kazini natembea kama nimeshinda uchaguzi.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni shika praktiko. Wa pili ni shika praktiko. Madesa, zile notsi za kufotokopi, utayapata tu, kila darasa lina mtu wa madesa, lakini mkono wako hakuna atakayekufotokopia. Na acheni hii tabia ya kujiita makombo ya MD! Muhimbili jina lake kamili ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi, hao shirikishi ndio sisi, maabara, radiolojia, fiziotherapia na wenzetu wengine. Daktari bila majibu ya maabara mara nyingi anabahatisha, mnisamehe madaktari mnaosoma hapa lakini mnajua. Mnakaa mnalilia kozi ya jirani, yenu inaoza, halafu mkifeli mnasema mhadhiri ana roho mbaya. Kuna aliyekuwa na roho mbaya kweli, lakini alkoholi niliimwaga mimi.

Ajira sikudanganyi. Baada ya intani nilikaa nyumbani mwaka na miezi saba, naombaomba, nauza mitumba ya watoto, baba mdogo akipita ananiuliza "vipi dokta". Jiandae na hilo, na usisahau kusajiliwa kwenye baraza la wataalamu wa maabara mapema.

Swali lako la kuripoti au kusubiri. Kama MD unaiota usingizini na mjomba ana uwezo na subira, kaa, omba tena, hiyo sio dhambi. Ila usiingie maabara kusubiria basi lingine kama mimi. Ukiripoti, ripoti mzima mzima. Mjomba mwambie mkojo nao unasomwa, siku akipata sukari au figo atakutafuta.

Halafu nunua makoti mawili, sio moja. Kristali vayoleti ikikudondokea hata sabuni ya mche haiitoi, na wiki ya kwanza lazima ikudondokee.