Jalada la Mtumishi Likichukuliwa na Wapelelezi, Hurudi Vipi?

Ujumbe ulioingia wiki hii ni mfupi: "Kesi ilikwisha, nikaachiwa huru. Nimebakiza miezi minane kustaafu. Jalada langu halionekani. Ofisini wanasema liko kwa wapelelezi, wapelelezi wanasema liko mahakamani, mahakamani wananiuliza namba ya kielelezo."

Jibu limo katika swali hilo la mahakamani. Ghala la vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, halipangwi kwa majina ya watumishi. Kwa polisi, kitu kilichokamatwa huingizwa katika rejesta ya vielelezo, fomu PF 16, na kufungwa lebo, PF 145, vyote vikifuata namba ya kesi. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa Tanzania, hukiunganisha na jalada lao la uchunguzi. Kikipokelewa mahakamani hupata jina jipya kabisa: Kielelezo P1, P2 na kuendelea kwa upande wa mashtaka, D kwa upande wa utetezi. Barua inayosema tu "naomba kurudishiwa jalada la fulani" haina pa kushikwa. Kwanza unganisha namba tatu: ya jalada binafsi masjala, ya kesi kwa mpelelezi, na ya kielelezo mahakamani kama lilifika huko. (Na tahadhari: PF ya masjala ni jalada binafsi, PF ya polisi ni fomu ya polisi. Nimeshaona barua zilizochanganya hizo mbili zikazunguka bure.)

Namba hizo huanza kupotea siku ileile jalada linapotoka. Kifungu cha 38(3) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba za Toleo la 2019, kinamtaka anayekamata kitu atoe stakabadhi yenye saini ya mwenye mali au msimamizi wa mahali hapo, na ya mashahidi kama wapo. Masjala nyingi hazina stakabadhi hiyo. Afisa anaingia, anaonyesha kitambulisho, mtunza kumbukumbu anatetemeka na kutoa jalada zima kama anayemkaribisha mgeni chai. Lilikuwa na kurasa ngapi? Hakuna ajuaye. Mwaka wa tatu likirudi limekonda, utamdai nani?

Kabla ya kulitoa, uliza wanachokihitaji. Kwa hoja nyingi, kama tarehe ya kuajiriwa, cheo au mshahara, nakala iliyothibitishwa ya hati ya umma inatosha kwa ushahidi. Nakala haitoshi pale saini au cheti kinapodaiwa kughushiwa. Mtaalamu wa maandishi hutazama wino, mkandamizo wa kalamu na jinsi mkono ulivyokwenda, na hayo mashine ya kutolea nakala huyafuta. Ndiyo maana mambo ya vyeti huvuta nakala halisi. Wengi tunakumbuka Aprili 2017, orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli pale Dodoma. Jalada lililokuwa limelala rafuni miaka 20 likawa ghafla hati ya kutafutwa.

Hata hapo, zinazotakiwa ni folio chache, yaani kurasa zilizopewa namba ndani ya jalada. Toa hizo, bakiza jalada. Mahali pake weka karatasi nzito: "Folio 14 hadi 17 zimechukuliwa," tarehe, jina na cheo cha aliyechukua, namba ya kesi, saini yake na yako. Wakishikilia kwamba lazima waende na jalada zima, usibishane mlangoni. Omba muda wa kuandaa makabidhiano: hakikisha kila ukurasa una namba ya folio kona ya juu kulia, andika jumla kwenye jalada lenyewe, orodhesha hati halisi moja moja, toa nakala ya kila ukurasa na uzithibitishe kwa muhuri. Kisha fungua jalada la muda kwa namba ileile ya kumbukumbu. Barua za likizo, uhamisho na za kinidhamu zitaendelea kuja, na zikikosa jalada zitaishia kwenye droo ya mtu. Usisahau jalada la siri: wapelelezi wakichukua la wazi leo, kesho huja kwa lile la masjala ya siri, na makabidhiano yake huwa hayaandikwi popote.

Sasa kulirudisha. Mlango hutegemea kesi ilipofikia.

Kama uchunguzi umefungwa bila mashtaka, mwajiri humwandikia mkuu wa ofisi iliyochukua: mkuu wa TAKUKURU wa mkoa au wilaya, au mkuu wa upelelezi wa polisi wa ngazi husika. Ambatisha nakala ya stakabadhi na orodha ya folio. Usimwandikie mpelelezi kwa jina. Akihamishwa kituo, barua yako inahama naye au inabaki mezani bila mwenyewe.

Kama jalada la kesi liko kwa waendesha mashtaka, kuomba hati halisi ni kujichosha. Omba nakala zilizothibitishwa ili kazi za utumishi ziendelee.

Kama hati zilipokelewa mahakamani, mpelelezi hana tena mamlaka ya kukupa. Maombi huenda kwa mahakama iliyosikiliza kesi, yakitaja namba ya kesi na namba ya kielelezo kama ilivyo kwenye hukumu, kwa hiyo pata nakala ya hukumu kwanza. Na hapa ndipo watu hukosea: hukumu ikisomwa Jumatatu, Jumanne wako kwa karani. Mkurugenzi wa Mashtaka ana siku 30 za kutoa notisi ya rufaa dhidi ya uamuzi wa mahakama ya chini na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Rufaa ikikatwa, vielelezo hubaki. Lakini ukilala sana pia ni hasara: kielelezo kisichodaiwa na mwenye haki kwa miezi 12 baada ya shauri na rufaa kumalizika kinaweza kuamriwa kiuzwe au kiharibiwe. Nani atanunua barua za likizo? Zitachomwa.

Jalada likirudi, usilirudishe rafuni siku hiyo. Hesabu folio mbele ya aliyelileta. Kasoro hujirudia zilezile: nakala imewekwa mahali pa hati halisi, tagi imekatwa na kurasa zimefungwa kinyume, folio za mtumishi mwingine wa kesi hiyohiyo zimeingia ndani, unyevu wa ghala umegandisha kurasa. Andika upungufu kwenye hati ya kupokelea kabla ya kusaini. Muhuri wa "Kielelezo P3" uliopigwa juu ya barua usiufute wala kuubandikia karatasi, hata kama mwenye jalada unamuumiza macho. Kisha unganisha jalada la muda na la zamani, namba za folio zikiendelea.

Mtumishi naye atenganishe vitu viwili. Jalada ni la mwajiri na hurudi kwa mwajiri. Vyeti na barua vilivyochukuliwa nyumbani kwako ni vyako, na unavidai mwenyewe kwa stakabadhi uliyopewa. Kama ulisimamishwa kwa nusu mshahara na shauri likaisha bila adhabu, barua ya kusimamishwa na ya kurejeshwa ndizo zitakazokokotoa nusu iliyozuiliwa. Zitafute hizo kwanza.

Kwa aliyeandika: miezi minane inatosha ukianza Jumatatu kwenye masjala ya mahakama na kuomba nakala ya hukumu. Wakati maombi yanasubiri, kusanya upya barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha mwisho, maana mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hushikwa hapo. Soma mwisho wa barua yoyote ya zamani uliyonayo, pale palipoandikwa "Nakala kwa". Kila ofisi iliyotajwa hapo ilipelekewa karatasi ileile. Wizara mama, Utumishi, Hazina, halmashauri ulikoanzia kazi: waandikie kupitia mwajiri wako, utaje namba ya kumbukumbu na tarehe ya barua, cheki namba yako (namba ya mtumishi kwenye malipo ya mshahara), na uombe muhuri wa kuthibitisha kwenye kila ukurasa, si wa kwanza tu.